Wimbo na Jina la Mtunzi: Kutoka Santuri hadi Programu ya Simu

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alisafiri na wenzake hadi Bombay, Bara Hindi, kwenda kutia sauti zao katika santuri za kampuni ya His Master's Voice. Mpaka wakati ule, mtu aliyetamani kumsikia Siti hakuwa na budi kufika pale alipoketi akiimba, amwone kwa macho na amjue kwa jina. Baada ya safari ile sauti yake ilianza kutembea peke yake. Iliingia katika nyumba za watu na mikahawa ya pwani ambako mwenyewe hakupata kukanyaga. Bahati njema, Shaaban Robert alimwandikia wasifu, nasi twamjua hata leo. Si waimbaji wote waliopata mwandishi wa namna hiyo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wimbo wa Kiswahili ulivyohama kutoka chombo kimoja hata kingine, mpaka siku hizi ambapo waweza kuitwa ndani ya programu ya simu iliyotengenezwa kwa kazi nyingine kabisa, kama vile kusoma habari au kufanya mazoezi ya viungo. Katika kila kuhama huko, wimbo ulivuka salama. Jina la aliyeutunga ndilo lililokuwa hatarini kuachwa ng'ambo.

Tutazame wimbo wa "Malaika". Fadhili William aliurekodi Nairobi pamoja na bendi yake miaka ya mwanzo ya 1960. Miriam Makeba akauimba, akauimba tena pamoja na Harry Belafonte katika santuri ya mwaka 1965, na mwaka 1981 kundi la Boney M. likautoa huko Ulaya. Dunia nzima ikaujua. Lakini ni nani aliyeutunga? Fadhili William alidai kuwa ni wake. Wengine wanamtaja Adam Salim wa Tanganyika, na yapo majina mengine pia. Ugomvi huo haukumalizika kabla ya Fadhili kufariki mwaka 2001. Kibandiko cha santuri ni kiduara kidogo tu, na aliyeandika jina juu yake siku ya kwanza ndiye aliyeamua, kwa kalamu moja, fedha zitakwenda kwa nani miaka hamsini mbele.

Upande wa Tanganyika, kituo cha Sauti ya Dar es Salaam kilianza kutangaza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa kuwa hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri nchini, bendi iliyotaka santuri ilikwenda Nairobi, na iliyotaka kusikika nyumbani ilikwenda studio za redio, Barabara ya Pugu. Humo NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na nyingine nyingi zilirekodiwa katika tepu ambazo sasa ni hazina ya taifa. Zikaja kaseti, na kila mwenye redio-kaseti akawa mchapishaji. Wimbo ulinaswa hewani, mara nyingi na sauti ya mtangazaji juu yake, ukanakiliwa na kunakiliwa tena, na jina likaandikwa kwa mkono na mtu aliyelisikia nusu. Mwandishi wa makala haya hawalaumu walionakili, maana bila wao nyimbo nyingi zingekwisha kupotea.

Sasa tufike katika simu. Mwaka 2015 huduma ya Boomplay ilianzishwa Nigeria, ikiwekwa ndani ya simu za TECNO tangu kiwandani, hata mnunuzi akaikuta humo kabla hajatafuta wimbo wowote. Mwezi Februari 2021 Spotify, iliyoanzishwa Sweden mwaka 2006, ilitangaza kuingia katika nchi zaidi ya 80 mpya, Tanzania na Kenya zikiwamo. Hapo mafundi wa programu za simu wakapata nafasi ya kuunganisha kazi zao na ghala kubwa la nyimbo bila kuwa na wimbo hata mmoja mkononi.

Inafaa wanafunzi waelewe uunganishaji huo. Fundi hujiandikisha kwa wenye huduma, naye hupewa namba ya utambulisho wa programu yake. Mtumiaji anapotaka kusikiliza, programu humpeleka kwenye mlango wa huduma yenyewe. Huko huandika neno lake la siri, ambalo programu haipati kuliona, na huitikia kuwa ameruhusu. Huduma ndipo huipa programu kibali cha muda, ambacho kwa Spotify hudumu saa moja tu, kisha hakina budi kufanywa upya. Kwa kibali hicho programu huomba wimbo kwa namba ya wimbo yenye herufi na tarakimu 22, na sauti huletwa vipande vipande kutoka mitambo ya mbali. Wimbo wa dakika nne, ukiletwa kwa kiasi cha kilobiti 96 kwa sekunde, hutumia data karibu megabaiti 2.9.

Basi programu haina wimbo. Ina ruhusa na namba. Tofauti na sahani ya santuri iliyokuwa mali ya aliyeinunua, hapa mwenye ghala aweza kubadili masharti. Novemba 2024 Spotify ilizifungia programu mpya baadhi ya njia ilizokuwa ikitoa, zikiwamo mapendekezo ya nyimbo na vionjo vya sekunde 30. Mafundi waliokuwa katikati ya ujenzi wao walilazimika kuanza upya.

Pamoja na wimbo huletwa maelezo: jina la wimbo, la msanii, na picha ya albamu. Masharti ya Spotify humtaka fundi ayaonyeshe kama yalivyo, asiyabadili. Ni sharti zuri, lakini kama jina lililoandikwa katika ghala ni la makosa, kila programu iliyounganishwa hulirudia kosa hilo kwa uaminifu. Kosa la kibandiko cha kaseti lilikwisha mtaani. Kosa la ghala husambaa duniani kwa siku moja.

Kila rekodi hupewa pia namba ya kimataifa iitwayo ISRC, yenye herufi na tarakimu 12: mbili za mwanzo, tatu za mwenye kuisajili, mbili za mwaka na tano za rekodi. Mwanafunzi ajihadhari hapa. Mwaka huo ni wa kutolewa namba, wala si wa kupigwa muziki, hivyo wimbo uliorekodiwa Barabara ya Pugu mwaka 1973 na kusajiliwa mwaka 2012 huonyesha 12. Tena namba hiyo ni ya rekodi, si ya utunzi. "Malaika" ya Makeba na "Malaika" ya Boney M. zina namba mbalimbali, na utunzi una namba yake ya pekee, ISWC, inayoandikishwa kwingine.

Fedha hufuata hesabu ya kusikilizwa. Spotify huhesabu wimbo baada ya kuchezwa sekunde 30, na tangu mwaka 2024 rekodi isiyofikisha mara 1,000 katika miezi 12 haihesabiwi katika mgao. Wimbo mpya wa kijana maarufu huvuka idadi hiyo kabla ya adhuhuri. Wimbo wa bendi iliyokwisha vunjika, ambao mashabiki wake ni wazee wenye simu za vitufe, huenda usifike mwaka mzima.

Hata ukifika, pana swali la tepu zenyewe. Maelezo ya kanda nyingi za zamani hutaja bendi na jina la wimbo, basi. Mpiga gitaa la solo, mpuliza tarumbeta, na aliyetunga maneno usiku kucha hawamo. Anayejaza fomu ya usajili leo hukuta mahali pa jina la mtunzi, naye huandika jina la kiongozi wa bendi kwa sababu ndilo pekee analolijua. Baadhi ya wapigaji wa miaka ya 1970 wangali hai Dar es Salaam, Tabora na Morogoro, na ukiwachezea wimbo katika simu hukutajia kila mtu aliyekuwamo studio siku ile, pamoja na aliyechelewa.