Binti wa miaka 16 kati ya sheria tatu

Katiba ya Kongo ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006, miezi miwili baada ya kura ya maoni. Kifungu chake cha 41 kinasema mtoto ni mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, awe msichana au mvulana. Kinampa haki ya kujua majina ya baba na mama yake, na kinakataza kumtupa, kumtesa, hata kumsingizia uchawi. Kwa wasichana wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, uzito wote ulikuwa katika maneno hayo machache: awe msichana au mvulana.

Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilikuwa imeweka mambo tofauti. Mwanamume aoe akiwa na miaka 18, mwanamke aolewe akiwa na 15. Katiba haikuitaja sheria hiyo wala kuifuta. Kifungu cha 221 kilisema tu kwamba sheria za zamani zitaendelea ilimradi hazipingani na Katiba. Nani aamue kwamba zinapingana? Mahakama ya Katiba ilianza kazi mwaka 2015. Kabla ya hapo Mahakama Kuu ya nchi, huko Kinshasa, ndiyo iliyoshika nafasi yake, na ni mzazi gani wa Kabambare angepeleka kesi huko?

Tarehe 20 Julai 2006 ikaja sheria ya kupambana na ubakaji. Ilipandisha umri wa kukubali kujamiiana hadi 18: kumwingilia aliye chini ya hapo ni kosa, hata akisema amekubali. Hapo mkanganyiko ukawa kamili. Mtu ametoa mahari, wazee wa pande zote wamekaa, ofisa wa etasivili ameandika ndoa, na binti ana miaka 16. Kwa Sheria ya Familia huyo ni mume halali. Kwa sheria ya jinai anaweza kuitwa mbakaji. Naona waandishi wa Katiba walikosea kutoliwekea bunge tarehe ya mwisho ya kulinganisha sheria hizo, kwa sababu mwenye kuumia katika mvutano huo alikuwa msichana.

Sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ilikataza ndoa na uchumba wa watoto, ikaunda mahakama za watoto, ikafuta kila kinachopingana nayo. Hata hivyo Sheria ya Familia ya 1987 ilibaki vilevile na namba yake 15. Ilibidi kungoja marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 ndipo umri wa ndoa ukawa 18 kwa wote. Miaka 10 ilipita tangu Katiba. Haki ya shule ya msingi bila malipo, iliyomo katika kifungu cha 43, ilichelewa zaidi: wazazi waliendelea kutoa pesa za primu ya walimu mpaka serikali ilipoanza kuitekeleza mwaka 2019.

Leo maandishi yanalingana, ila umri wenyewe ni wa kuthibitishwa. Vijijini mama hutaja umri wa mwanawe kwa matukio: alizaliwa jeshi lilipopita, au mwaka mavuno yalipoharibika. Bila cheti cha kuzaliwa, familia inayotaka kuoza binti husema ametimiza 18, na kijana anayeshuka shimoni kutafuta dhahabu karibu na Namoya huhesabiwa mtu mzima. Hakimu hana karatasi ya kumpinga yeyote.

Sheria inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Zikipita, mzazi anahitaji hukumu ya mahakama, na hiyo ni safari na gharama. Basi wewe uliyepata mtoto mwezi huu, Kasongo au Kabambare, mpeleke etasivili kabla siku hizo hazijaisha, na usiondoke bila cheti mkononi.