Toka Kiunoni Hadi Kifundoni

Mwenye maumivu ya neva ya siyatiki huonyesha ugonjwa wake kwa mkono: kiunoni, takoni, nyuma ya paja, shavu la mguu, hadi kifundoni. Matabibu wa China na wa ulimwengu wa Kiislamu waliifuata njia hiyo karne nyingi kabla ya mwaka 1764, Domenico Cotugno wa Napoli alipochapisha kitabu kilichoyahusisha maumivu hayo na neva yenyewe. Kila upande ulikuwa na ramani yake ya mwili, lakini vidole vyao vilitua karibu mahali pale pale.

Katika tiba ya Kichina, nguvu iitwayo chi hupita mwilini kwa mikondo. Mkondo wa kibofu hushuka mgongoni na nyuma ya mguu. Wa nyongo hupita upande wa nje wa paja. Chi ikikwama, maumivu huzuka. Ndiyo maana sindano hudungwa katika nukta iitwayo Huantiao, ndani ya tako, na hapo huzama sana kwa unene wa nyama. Weizhong, katikati ya nyuma ya goti. Na Kunlun, nyuma ya kifundo kwa upande wa nje. Tabibu hungoja mgonjwa aseme kwamba anahisi uzito au ganzi. Bila hisia hiyo, wengi wao huona sindano bado haijafika.

Ibn Sina, tabibu wa ulimwengu wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1037, hakuwa na habari ya chi. Kwake mwili ni mizani ya vimiminika vinne, na maumivu ya nyonga hutokana na kimiminika kilichozidi na kutuama mahali. Dawa mojawapo ni kutoa damu, na mshipa anaoutaja uko upande wa nje, karibu na kifundo. Autazamaye mguu wake atakuta hapo si mbali na Kunlun. Wachina nao huichoma Weizhong mara nyingine ili itoke damu. Tendo linafanana, nia inatofautiana: Mchina huzibua, Ibn Sina hupunguza.

Moto nao uko pande zote mbili. Mchina huwasha majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga karibu na ngozi, joto likaingia polepole; al-Zahrawi, tabibu wa Córdoba wa upande wa Kiislamu, aliweka chuma cha moto juu ya nyonga, na kovu lilibaki. Sithubutu kumwita wa pili katili: alifanya kazi bila dawa ya ganzi, na alieleza kwa uangalifu mahali pa kuunguza.

Hata sindano zenyewe si za aina moja. Huko Japani, katika karne ya 17, Sugiyama Waichi, tabibu kipofu, alieneza utumiaji wa kijibomba cha kuongozea sindano nyembamba, na mtindo wa huko hadi leo hupenda mguso mwepesi kuliko wa China. Mswahili aliyezoea kuumikwa kwa chuku, au hijama kama wengi wasemavyo sasa, yuko karibu zaidi na Ibn Sina kwa kutoa damu, ingawa Wachina nao huumika.

Wanaotaka hukumu ya utafiti wana majibu mawili. Mwaka 2016 taasisi ya NICE ya Uingereza ilishauri sindano zisitumike kwa maumivu ya kiuno, yawe na siyatiki au la. Mwaka 2024 utafiti wa hospitali sita za China ulichapishwa: wagonjwa 220 wenye siyatiki sugu iliyotokana na diski ya uti wa mgongo iliyotokeza, vikao kumi kwa majuma manne. Waliodungwa sindano za kweli, maumivu ya mguu yalishuka kwa takribani alama 31 katika 100. Wa sindano za uongo, takribani 15. Hao wa pili nao walipata nafuu, na hilo nalo lina uzito.

Tena siyatiki nyingi hupoa zenyewe baada ya majuma kadhaa, jambo ambalo bila shaka limewapa sifa waganga wa kila zama. Lakini mgonjwa akifa ganzi sehemu za siri au akishindwa kuzuia mkojo, asisubiri sindano wala chuku. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, kwa upasuaji wa diski ambao madaktari Mixter na Barr wa Boston waliufungulia njia mwaka 1934.