Vazi na Kifaa katika Historia ya Kilimanjaro

Wengi hulitaja vazi na kifaa kwa pumzi moja, kwa kuwa msafiri huvifunga vyote katika mzigo mmoja. Lakini lugha yetu imevitenga tangu asili. Vazi latokana na kuvaa, kifaa chatokana na kufaa. Sauti moja tu ndiyo tofauti, bali maana ziko mbali. Vazi huulinda mwili usidhurike. Kifaa huupa mkono uwezo ambao hauna. Mlima Kilimanjaro watupa ushahidi.

Mwaka 1887 Mjerumani Hans Meyer alifika chini ya barafu ya Kibo, akarudi. Nguo zaweza kumzuia mtu asigande, lakini haziwezi kuchonga ngazi katika ukuta wa barafu. Naye hakuwa na zana za kuupandia. Mwaka 1889 alipanda kutoka Marangu pamoja na Ludwig Purtscheller, Mwaustria hodari wa kupanda milima, wakiwa na kamba na mashoka ya barafu. Walikata vidato kimoja kimoja, na tarehe 6 Oktoba wakasimama kileleni. Hapo kifaa ndicho kilichoamua.

Je, vazi ni jambo dogo basi? Hasha. Katika safari hiyo Muini Amani, mtu wa Pangani, alikaa katika kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000. Kukaa huko hakudai kamba wala shoka. Kwadai nguo ya joto.

Siku hizi mambo yamegeuka. Katika njia za kawaida, kama ile ya Marangu, mgeni hahitaji tena shoka wala kamba ili afike mita 5,895. Kifaa kimepungua umuhimu, vazi limebaki. Hata hivyo mpagazi, ambaye sheria yamruhusu kubeba kilo 20 za mzigo wa safari, amewahi kuonekana akipanda na nguo hafifu, na wako waliokufa kwa baridi. Ndiyo maana mjini Moshi, tangu mwaka 2003, uko mradi wa kuwatetea wapagazi ambao huwaazima nguo za mlimani bila malipo.

Hivyo tusiyachanganye maneno haya. Kifaa hupewa mtu kwa ajili ya kazi yake. Vazi ni haki yake kwa kuwa ni mtu. Amwonaye mpagazi kuwa kifaa cha safari husahau upesi kwamba naye anahitaji vazi.