Mbeni, ngoma ya askari waliorudi kutoka vita

Katika miji yetu ya Katanga, ukitaja mbeni mbele ya wazee wanaokumbuka habari walizopewa na wazazi wao, kitu cha kwanza utakachosikia ni kicheko. Watakwambia: wale walikuwa watu wa kuiga wazungu tu. Kofia ya ofisa, bunduki ya mti, filimbi mdomoni, na defile siku ya Mungu. Vitabu vingi vya wakati wa koloni viliandika paka vile. Lakini uliza swali la pili: askari aliyetoka vitani, akafa Elisabethville miaka ile ya 1920, mbali na kijiji na ukoo wake, ni nani alimzika? Hapo kicheko kinakatika. Mara nyingi waliomzika ni wenzake wa ngoma.

Juu ya kuelewa jambo hili inafaa kurudi kwenye ile vita ya 1914-18. Kwa watu wa Katanga haikuwa habari ya Ulaya. Mwaka wa 1914 na 1915 vikosi vya Force Publique vilivyotoka Katanga vilienda kuwasaidia Waingereza kulinda Abercorn na Saisi, upande wa kusini wa ziwa Tanganyika. Mwaka wa 1916 Jenerali Tombeur aliingiza majeshi katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani: Kigali mwezi wa Mei, Kigoma mwisho wa Julai, na Tabora tarehe 19 Septemba. Mwaka uliofuata walifika Mahenge. Nyuma ya kila askari walikuwa wapagazi. Kwa muda wote wa vita Leta iliandikisha wapagazi karibu 260,000, na waliokufa kati yao, kwa magonjwa, njaa na uchovu, ni wengi kupita askari waliokufa kwa risasi. Wanawake pia walitembea na majeshi, kwa maana Force Publique ilikuwa na desturi ya kumwachilia askari aende na mke wake. Mama huyo alipika, alibeba mzigo, na bwana akifa alibaki mjane katika nchi asiyoijua hata lugha yake.

Sasa, huko Tabora na Kigoma askari wetu walikuta ngoma moja ambayo ilikuwa imewaka kama moto. Jina lake beni, neno lililotoka kwa Kiingereza cha fanfari. Ilizaliwa pwani, Lamu na Mombasa, mwisho wa karne ya 19, ikashuka na biashara na njia ya reli mpaka bara. Ilikuwa na makundi mawili yaliyoshindana: Marini, waliojiona watu wakubwa, makarani na wenye kuvaa vizuri, na Arinoti, watu wa kazi za mikono, waliokuwa wengi zaidi. Vita iliichukua na kuitawanya. Askari wa Wajerumani waliicheza, askari weusi wa Waingereza waliicheza, wapagazi waliicheza. Hata katika kambi za wafungwa maadui wa jana walijikuta katika ngoma moja. Wabelgiji walibaki Kigoma mpaka 1921, kwa hiyo askari wetu walikuwa na wakati wa kutosha kuijifunza.

Kwetu iliingia kwa njia mbili. Moja ni hiyo ya ziwa, pamoja na askari waliorudishwa. Nyingine ni ya kusini, kwa ile reli iliyofika Elisabethville mwaka wa 1910: watu wa Nyasaland na Rodezia, wengine waliopigana upande wa Waingereza, walikuja kutafuta kazi katika mashaba (minyororo ya safari hizo mpaka leo inaonekana katika majina ya familia nyingi za hapa). Katika kinywa cha watu wa Katanga na wa Rodezia, beni ikageuka mbeni.

Ngoma yenyewe ilikuwa hivi. Wachezaji wanapanga mistari kama kwenye parade, nguo safi, viatu vimeng'arishwa. Ngoma kubwa inatoa hatua, filimbi inaamuru. Mbele anaenda kingi, halafu gavana, jenerali, kanali, na daktari mwenye kanzu nyeupe. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Mwenye kupita njiani aliona mchezo. Hakuona kwamba siku ya pili karani wa kundi anafungua daftari, anaandika nani ametoa mchango wake na nani bado.

Na hapa ndipo mimi sikubaliani na neno hili la "kuiga". Mtu aliyetumika miaka minne katika jeshi hakuhitaji kuiga jeshi. Alikuwa na jeshi mwilini mwake. Alijua kuamka kwa baragumu, kutembea kwa mstari, kumheshimu mwenye galoni. Tofauti ni kwamba katika Force Publique mweusi hakuruhusiwa kuwa ofisa, na katika mbeni aliweza kuwa jenerali. Tena jenerali huyo alichaguliwa na wenzake, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhudhuria matanga.

Mambo ya msaada, basi. Mgeni aliyeshuka kwenye treni bila ndugu alipokelewa na watu wa mbeni, akapewa pa kulala mpaka apate kazi. Mwenye kulazwa hospitali alitembelewa. Yule daktari wa kanzu nyeupe hakuwa na dawa, lakini kulikuwa na mtu aliyeulizia hali yake na kumpelekea chakula. Mwenye kuoa alisindikizwa. Na mwenye kufa alizikwa kwa heshima: kesi ya kundi ilisaidia kununua sanduku na nguo, wanachama walimpeleka makaburini kwa mstari, kila mmoja na cheo chake, na chakula cha kilio hakikumwangukia mjane peke yake. Leo mjini Lubumbashi na Kinshasa bado tunaona fanfari mbele ya maiti, ila siku hizi ni familia inayokodi fanfari. Wakati ule fanfari ndiyo ilileta franga.

Simaanishi kwamba wale walikuwa malaika. Ushindani kati ya makundi ulikula mali nyingi. Toka pwani kule, watu waliingia madeni juu ya sare mpya na karamu ya kuwashinda wapinzani, na kuna mama aliyelala na watoto njaa kwa sababu bwana amenunua kofia ya kanali. Vyeo vilileta kiburi pia. Lakini ukipima ni nani aliyemfikiria askari mstaafu katika miaka ile, mzani unaelemea upande wa ngoma. Leta ilitoa medali.

Wakongo walioishi Ubelgiji waliliona jambo lile lile, wakalijibu kwa kalamu. Mwaka wa 1919 Paul Panda Farnana, ambaye alipigana Namur akafungwa na Wajerumani, alianzisha Union Congolaise mjini Bruseli, chama cha kusaidiana kilichokuwa na askari wenzake ndani. Alidai hadharani kwamba Wakongo waliokufa katika vita wakumbukwe. Hakucheza mbeni, lakini hitaji ni moja: mgonjwa, maskini, maiti, na jina lisipotee.

Kwa nini basi mbeni ilizimika? Wakubwa wa Leta na wamisionari wengi waliitazama kwa jicho baya. Watu weusi wenye sare, wenye kingi, wenye kesi na barua zinazotoka mji hadi mji, kwao hiyo ilinuka uasi. Hofu ilizidi mwaka wa 1935, wakati wafanyakazi wa migodi ya Rodezia ya Kaskazini walipogoma. Huko Luanshya, tarehe 29 Mei, polisi waliua watu sita. Tume iliyochunguza iliuliza sana juu ya mbeni, kwa kuwa ilisemekana habari za mgomo zilipitia kwa wanachama wake. Upande wetu Leta ilitaka kila chama cha weusi kiandikwe na kuangaliwa. Polepole vijana wakahamia kwenye mpira, skauti, vyama vya makabila na vya wasomi. Ngoma ya kalela, ambayo Mitchell aliiona Luanshya mwaka wa 1951, ilibaki na kingi, daktari na hata nesi wake, lakini askari wa Tabora hawakuwamo tena.

Ndiyo sababu askari wa vita ya pili walirudi katika mji tofauti. Hawa walipigana Ethiopia, Asosa na Gambela, mpaka Waitalia walipojitoa Saio tarehe 3 Julai 1941. Wengine walipelekwa Nigeria na Misri, na wauguzi walifika mpaka Burma. Schaerbeek, Ubelgiji, kuna mnara wa majeshi ya vita vya Afrika tangu 1970. Kaporali Albert Kunyuku, mmoja wa wale wa Burma, alipambwa nishani na Mfalme Philippe mjini Kinshasa mwezi wa Juni 2022. Alikuwa na miaka 100.

Kuhusu wajane, minara haisemi kitu, na hata waandishi walioandika vizuri juu ya mbeni wanaorodhesha vyeo vya wanaume kwa urefu, vya wanawake kwa mstari mmoja. Lakini mama wale walitoa mchango, walipika kwenye vilio, walitembea katika defile. Katika masanduku ya familia za Kenya, Kamalondo na Katuba huenda bado kuna picha moja au daftari la michango. Majina yao yatakuwa mle, pamoja na kiasi cha franga walizotoa.