Siri moja, siri kumi

Dada zangu walikuwa na lugha yao ya chumbani. Samaki aliitwa kisama, kitabu kikawa bukita, nyumba ikawa mbanyu. Walichukua silabi ya mwisho wakaitia mwanzo, wakasema mbio mbio, na mkazo ukahama pamoja na silabi, hata mgeni asiambulie kitu. Mimi mdogo wao nilikaa mlangoni nikiyavizia maneno manne: mama, baba, dada, kaka. Hayo hayapinduki, ukiyageuza yanarudi vilevile. Likipita "mama", nilijua wanamsema nani, nikakimbilia jikoni.

Mchezo huo unaitwa kinyume, na una umri mkubwa kuliko nyanya zetu. Kasisi Edward Steere, wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Mwaka 1870 kikachapwa London kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja. Humo alipanga nomino zetu kwa makundi, akifuata viambishi vyake na jinsi vinavyobadilika katika umoja na wingi. Kisha, huko nyuma kwenye viambatisho, akaweka mifano ya kinyume. Mtu yule yule aliyekaa na wenyeji akitaka kujua kwa nini mti ni mrefu na kiti ni kirefu, ndiye aliyetega sikio pale wasemaji walipotaka wasisikilizwe. Sijui kitabu kingine cha zamani cha lugha yetu kinachonigusa kama hicho.

Kuyaona makundi hakukuanza naye. Mjerumani Wilhelm Bleek, aliyefanya kazi Cape Town, alitoa mwaka 1862 sehemu ya kwanza ya kitabu kinacholinganisha lugha za kusini mwa Afrika, akayapa makundi hayo namba. Mjerumani mwenzake Carl Meinhof akayaendeleza, na mpaka leo wanaisimu wa Kibantu huzungumza kwa namba. Sisi wengine tunasema ngeli. Neno hilo limetoka Kihaya, magharibi ya Ziwa Victoria, ambako engeli ni aina au namna. Jirani zao Waganda wanasema engeri. Nafurahi kwamba jina la kupangia maneno halikuagizwa ng'ambo. Lilikuwa Bukoba, kwa Wahaya.

Ubishi wa ngeli haujaisha. Kipofu ana ki- mwanzoni mwake kama kiti, lakini tunasema kipofu amefika, wala hatusemi kimefika. Basi tumweke na viti au na watu? Walimu waliofuata umbo la neno walimweka huku. Waliofuata upatanisho wa sentensi, ndio hawa wa A-WA na KI-VI tunaowasikia madarasani, wakamweka kule. Mimi niko na hawa wa pili. Mtu ni mtu hata akibeba ki-.

Sasa liangalie neno siri. Limetoka Kiarabu, na kama maneno mengi ya kigeni limekaa ngeli ya I-ZI: siri hii, siri hizi. Lenyewe halitikisiki. Moja ni siri, kumi ni siri. Idadi inafichuliwa na maneno yanayolifuata: imetoka, zimetoka. Aina, ngeli na faragha nazo zimo humo humo.

Kwetu siri ina mtu. Kuna mwenye siri, kuna msiri wake, na kuna atakayeitoboa. Hata mtungi una msiri wake, nayo ni kata. Kuainisha ni jambo jingine kabisa: ni kazi ya muuza maembe anayetenga dodo huku na boribo kule, mchana kweupe, mbele ya wateja. Waingereza hutumia kitenzi kimoja kwa kazi zote mbili, kupanga vitu kwa aina na kuifanya hati kuwa siri ya serikali. Ndiyo maana siku hizi nakutana na tafsiri zinazosema "taarifa zilizoainishwa" pale ambapo mwandishi wa kwanza alimaanisha taarifa za siri. Msomaji wetu anaonewa. Anaambiwa zimepangwa, haambiwi zimefichwa.

Zinakokutana kazi hizo mbili ni ofisini. Katika serikali ya Tanzania kuna masjala ya wazi na masjala ya siri. Barua inaingia, inatazamwa, inapewa jalada lake, na jalada likishakuwa la siri si kila karani atalishika. Hapo mpangilio ndio unaoamua nani ajue.

Mpangilio wa namna hiyo uliwahi kufanywa Afrika Mashariki kwa ukatili mkubwa. Mwaka 1961 Iain Macleod, waziri wa makoloni wa Uingereza, alielekeza kwamba serikali zitakazopewa uhuru zisiachiwe karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya London, polisi, wanajeshi au watumishi wake, wala zile zitakazowafichua watoa habari. Huko Kenya makaratasi yakatengwa mafungu mawili. Fungu la kwanza, lililoitwa "Legacy", lingerithiwa na serikali mpya. La pili, "Watch", lilipigwa muhuri wa herufi W, na ruhusa ya kulishika ilikuwa ya ofisa aliye raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya peke yake. Karani Mwafrika, hata awe ameitunza masjala hiyo miaka mingapi, hakuruhusiwa kulijua.

Na haikutosha kulitoa jalada la W. Palipobaki pengo, iliagizwa litengenezwe jalada pacha la kuwekwa mahali pake, ili atakayekuja asione kilichoondolewa. Nimeyawaza sana hayo majalada pacha. Mtu anakaa mezani, anakunja karatasi tupu, anaandika kichwa cha habari, analipanga kwenye rafu kwa utaratibu ule ule wa siku zote. Yaliyotolewa mengine yalisafirishwa Uingereza. Mengine yalichomwa, na agizo lilitaka hata majivu yavunjwevunjwe. Palipokuwa na bahari, masanduku yenye vitu vizito yaliruhusiwa kuzamishwa mbali na pwani, kwenye kina kirefu pasipo na mkondo.

Yaliyosafirishwa yalikaa kimya karibu nusu karne. Wazee wa Kenya walioteswa na serikali ya kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau walipofungua kesi London mwaka 2009, na wanahistoria kama David Anderson wakashikilia kwamba nyaraka zipo, serikali ya Uingereza ilikiri mwaka 2011 kuwa inazo, zimewekwa kwenye kituo chake cha Hanslope Park: masanduku yapatayo 300 ya Kenya pekee, yenye majalada kama 1,500. Aprili 2012 majalada ya kwanza ya makoloni yakafunguliwa kwa wasomaji kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, huko Kew. Juni 2013 waziri William Hague alitangaza bungeni malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228.

Majalada hayo yamepewa namba mpya, FCO 141. Mtu anaweza kuingia, akaomba, akaletewa moja mezani. Yale yaliyochomwa hayana namba ya kuombea.