Kaizari, Okonkwo na shairi lisilo na mwenyewe

Kabla Shakespeare hajawa mzigo wa mwanafunzi wa kidato cha tano, alifika Unguja kwa sura ya msimulizi wa ngano. Katika miaka ya 1860 mmisionari Edward Steere wa shirika la UMCA alipiga chapa kijitabu alichokiita Hadithi za Kiingereza. Visa vyake vilitokana na tamthilia za Shakespeare, ila Steere hakuvitoa kwenye tamthilia zenyewe. Alivichukua katika kitabu ambacho ndugu wawili, Charles na Mary Lamb, waliwaandikia watoto wa Uingereza mwaka 1807. Mfalme aliyegawa milki yake kwa kupima ndimi za mabinti hakuwa mgeni kwa wasikilizaji wa pwani. Na hakuna aliyetakiwa kueleza dhamira kwa kutoa mifano mitatu.

Maswali yalikuja na Cambridge. Chini ya ukoloni, shule chache za sekondari za Kenya, Uganda na Tanganyika zilitahiniwa kutoka huko. Karatasi zilitungwa Uingereza, na majibu yakarudishwa Uingereza kusahihishwa. Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, ndiyo inayosimuliwa zaidi. Mkuu wake kuanzia 1940 hadi 1962, Carey Francis, alikuwa mwanahisabati aliyewahi kufundisha Cambridge, na chini yake shule iliigiza Shakespeare mwaka baada ya mwaka. Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma hapo kati ya 1955 na 1958, Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau ikiwa imepamba moto. Aliporudi nyumbani likizo ya kwanza alikuta kijiji chao kimebomolewa. Shuleni, wenzake walikuwa wakikariri mazungumzo ya wafalme wa Uingereza walionyang'anyana taji. Sidhani kama palihitajika mwalimu wa kuwaeleza vijana wale maana ya kunyang'anywa.

Kidato cha tano na cha sita kilichelewa. Kwa muda mrefu aliyemaliza Alliance, Tabora au Budo akafaulu vizuri alikwenda Makerere, akafanya huko masomo ya matayarisho kabla ya kuanza shahada, ambayo tangu 1949 ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 matayarisho hayo yakahamia shuleni. Ndipo Fasihi ya Kiingereza ikawa somo la wachache waliochaguliwa: tamthilia ya Shakespeare, riwaya za karne ya 19, mashairi, na mtihani wa shairi ambalo mtahiniwa hajawahi kuliona.

Mtihani huo una historia yake. Katika miaka ya 1920 mhadhiri wa Cambridge, I. A. Richards, aliwapa wanafunzi wake mashairi yasiyo na jina la mtunzi wala mwaka, akawaomba waandike wanavyoyaelewa. Wengi wao walivurunda, naye akayachapisha matokeo mwaka 1929. Fundisho lake lilikuwa kwamba msomaji ayashike maneno yaliyo mbele yake, aache kusujudia majina makubwa. Kwa Mwingereza aliyelelewa na majina hayo, dawa ilikuwa njema. Lakini ilisafiri hadi mahali ambapo ugonjwa wenyewe haukuwapo.

Malalamiko ya mtoto wa Afrika kulazimishwa kusoma habari za maua ya Wordsworth yamerudiwa mno, na nadhani yalitupumbaza kidogo. Ua la kigeni mtoto huelezwa, akalielewa. Kigumu kilikuwa shairi lisilo na mwenyewe. Katika mapokeo ya Kiswahili shairi lina mtu, lina siku na lina anayelengwa. Mtunzi wa utenzi hujitaja mwishoni, pengine akaweka na tarehe. Shairi la malumbano linajibu shairi jingine, na asiyejua lililotangulia hajui kinachojibiwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga katikati ya ugomvi wa Mazrui na Seyyid Said. Sehemu ya kazi ya Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor, waliokusanya tungo zake mwishoni mwa karne ile, ilikuwa kuuliza wazee: hili alimwambia nani, na kwa sababu gani? Ukiliweka shairi la Muyaka mbele ya mtahiniwa bila maelezo hayo, atapata vina na mizani. Vita havioni.

Waliokuja kuupinga mfumo huu waliangalia zaidi orodha ya vitabu. Tarehe 24 Oktoba 1968 wahadhiri watatu wa Nairobi, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na Afrika iwekwe katikati ya masomo. Septemba 1974 walimu walikutana Nairobi School kuupeleka mjadala huo sekondari. Njia ilikuwa imeshafunguliwa na wachapishaji: Heinemann walianza mfululizo wao wa waandishi wa Afrika mwaka 1962, na Song of Lawino ya Okot p'Bitek ilitoka Nairobi mwaka 1966. Huku Tanzania, Mwalimu Nyerere alikwishamgeuza Kaizari wa Shakespeare kuwa Mswahili mwaka 1963, na mwaka 1973 Clement Ndulute akamleta Okonkwo wa Achebe kwa jina la Shujaa Okonkwo. Mamlaka ya mitihani nayo yakarudi nyumbani. Baraza la pamoja la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967, likasambaratika, na kila nchi ikawa na lake.

Waraka wa 1968 ulidai pia fasihi simulizi, na Kenya baadaye iliiingiza katika mtaala. Hapo ndipo mambo yalipopinda. Wimbo wa jandoni au wa mavuno ukachapwa kwenye karatasi bila mwimbaji, bila ngoma, bila kijiji, na chini yake swali: taja sifa mbili za kimtindo. Richards angeutambua mtihani huo mara moja.

Kenya ilipoingia mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, kidato cha tano na sita kikafa taratibu, na fasihi ikaunganishwa na Kiingereza. Tanzania haikukifuta. Wanafunzi wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) bado husoma fasihi mbili bega kwa bega, ya Kiingereza na ya Kiswahili, na mwalimu mzuri huzigonganisha. Ila nimeona madaftari ambamo kurasa za masomo yote mawili zingeweza kubadilishana mahali bila mtu kugundua: dhamira, wahusika, mtindo wa lugha, ujumbe.

Kwa miaka mingi diwani ya Kimbunga ya Haji Gora Haji ilisomwa kidato cha tano na sita. Mtunzi huyu wa Tumbatu, aliyewahi kuishi kwa uvuvi, alikuwa hai hadi 2021. Wanafunzi waliokuwa mwendo wa boti moja kutoka kwake walijifunza kumwita "mshairi", wakajadili kwa aya tano alichokusudia.