Shuka Kati ya Miti

Rafiki zangu wanaotaka kuonyesha filamu uani huanza kwa kuuliza bei ya projekta. Mimi nasomea uzamili wa historia, bei sizijui, kwa hiyo huwasimulia habari za Richard Hollingshead.

Alikuwa mtu wa New Jersey, Marekani, na familia yake ilikuwa na biashara ya vifaa vya magari. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, uchumi ukiwa umeporomoka, alitundika shuka kwenye miti nyumbani kwake, akaweka projekta ya Kodak juu ya boneti ya gari na redio nyuma ya shuka. Picha haikumsumbua sana. Jioni zake ziliishia kwenye kiti cha mtazamaji. Alisikiliza vioo vikiwa vimefungwa, kisha vikiwa wazi. Alinyunyizia gari maji ya bustani ili aone mvua itaharibu nini. Alipoona gari la mbele linamziba wa nyuma, aliweka vipande vya mbao chini ya magurudumu ya mbele, gari likainua pua.

Mbao hizo ndizo uvumbuzi wenyewe. Hataza aliyopewa Mei 1933 ilihusu hasa matuta ya kuegesha magari, kila safu ikiona juu ya iliyo mbele yake. Tarehe 6 Juni mwaka huohuo alifungua uwanja wake karibu na Camden: senti 25 kwa gari, senti 25 kwa kila mtu. Sauti ndiyo iliyomshinda. Vipaza sauti vilikuwa kwenye skrini, kwa hiyo waliokaa nyuma waliona mdomo ukifunguka kabla ya kusikia neno, na majirani wasiolipa walisikia filamu nzima.

Wengine walipoiga, alidai malipo. Mwaka 1949 mahakama ya rufaa ikaifuta hataza yake: sakafu ya mteremko ilikuwepo zamani kwenye majumba ya maonyesho, na kuweka gari mahali pa kiti si uvumbuzi. Kisheria sina ubishi. Lakini majaji walipima ardhi tu. Ndani ya gari mtoto aliweza kulia na baba kuvuta sigara bila kumuudhi mtu, na hilo halikuwa na mfano ukumbini. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 Marekani ilikuwa na viwanja zaidi ya 4,000.

Dar es Salaam ilipata chake mwaka 1966, Msasani, karibu miaka 30 kabla Tanzania Bara haijawa na televisheni. Ukimuuliza shangazi yangu filamu gani aliona pale, anakisia. Ukimuuliza walikula nini, anakutajia hotpoti ya pilau iliyotoka nyumbani, mkeka juu ya boneti, na ndugu waliobanana kiti cha nyuma huku wakigombea dirisha. Mimi nayaamini maelezo hayo kuliko orodha yoyote ya filamu, ingawa msimamizi wangu angetaka orodha.

Magari hayaendi tena Msasani kutazama filamu. Baada ya shambulio la 1998, Marekani ilijenga ubalozi wake mpya kwenye kiwanja hicho.